Mtoto wa Nani?

Barua ya kunipendekeza kwenda kusomea upasuaji Marekani ilikuwa na aya tatu. Kwa kawaida mwombaji haisomi. Husaini kwamba ameiacha haki hiyo, na barua huenda moja kwa moja kwa wanaochagua. Lakini yule bingwa wa mifupa, Mmarekani wa makamo mwenye sauti ya chini, aliniita ofisini kwake siku yangu ya mwisho akanisomea yote kabla ya kuituma. Nilifika kila siku kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, aliandika. Nina adabu, nauliza maswali ya maana, wauguzi wananipenda. Alipomaliza akavua miwani. "Nimeandika nilichokiona," akaniambia.

Alisema kweli, na ndiyo maana sikuwa na la kumlaumu. Wiki nane nilisimama katika chumba chake cha upasuaji, hatua mbili kutoka mezani, mikono nyuma. Daktari aliyesomea nje na asiye na leseni ya kule hamgusi mgonjwa, anatazama tu. Sheria hiyo naielewa, na mgonjwa angekuwa mama yangu ningetaka iwe hivyohivyo. Lakini fani niliyokuwa naiomba ni ya mikono, na mtu pekee katika nchi nzima ile aliyeweza kunishuhudia hajapata kuiona mikono yangu ikifanya kazi.

Naandika haya kwa sababu haupiti mwezi bila kupata ujumbe kutoka kwa kijana wetu aliyesomea udaktari China, Cuba, Uturuki au Urusi, mtoto wa Wete, wa Micheweni, wa Makunduchi, anayetaka kwenda Marekani kusomea upasuaji. Wote huanza na mitihani: vitabu gani, maswali mangapi kwa siku, miezi mingapi. Mitihani ndiyo sehemu nyepesi. Nasema hivyo nikiwa nimeifanya yote, usiku, baada ya zamu.

*

Kwetu Pemba, msimu wa karafuu ukiwa mzuri, wodi ya wanaume nayo hujaa. Mkarafuu ni mti mrefu na tawi lake halikuonyi. Halipindi kwanza, linakatika. Mchumaji hupanda mpaka juu kabisa kufuata vishada, akitoka tawi hili kwenda lile, na siku ya kuanguka huanguka mara moja. Akijaaliwa, ni mkono. Asipojaaliwa, ni paja au uti wa mgongo.

Ami yangu alianguka nikiwa darasa la tano. Paja. Alipitishiwa chuma chini ya goti, kikafungwa kamba, kamba ikapita kwenye kapi, na mwisho wa kitanda ukaning'inizwa uzito. Kazi ya uzito ule ni kushindana na misuli. Paja likivunjika, misuli yake mikubwa huvuta vipande vya mfupa vikapandana, na mguu ukaachwa hivyo utaunga ukiwa mfupi. Ami alilala chali zaidi ya miezi miwili. Nilikuwa nampelekea uji baada ya skuli. Karafuu zake zilichumwa na wengine kwa mgao, na alipotoka kitandani mguu ulikuwa umeunga, lakini haukuwa sawa na mwenziwe. Mpaka leo anachechemea, na mpaka leo hapandi.

Mwaka wangu wa nne China ndipo niliposoma habari za Lewis Zirkle, bingwa wa mifupa wa Marekani aliyeanzisha shirika la SIGN mwaka 1999 kule Richland, jimbo la Washington. Chuma chao hupitishwa ndani ya uwazi wa mfupa, kikakazwa kwa skrubu juu na chini. Kilichonikosesha usingizi ni namna kilivyobuniwa: kina kifaa cha kulengea, ili daktari ayapate matundu ya skrubu bila ile mashine ya eksirei inayowashwa katikati ya upasuaji, mashine ambayo hospitali nyingi za kwetu hazina. Mgonjwa wa paja anakaa kitako kesho yake. Anarudi nyumbani msimu haujaisha. Nikaamua usiku ule kwamba nitakuwa daktari wa mifupa, na kwa kuwa aliyekibuni ni Mmarekani, nikaona njia lazima ipite Marekani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na hakuna aliyeniuliza kwa nini lazima.

*

Nilirudi nyumbani, nikafanya mwaka wa mafunzo ya kazini Unguja, kisha nikapangiwa kazi Pemba. Chumba cha upasuaji kilikuwa chini ya mzee mmoja ambaye sote tulimwita Babu. Hakuwa bingwa. Alikuwa daktari msaidizi, ile kada ambayo kwa miongo mingi ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya upasuaji wa wilayani Tanzania, hasa wa kinamama wanaoshindwa kujifungua. Swali lake la kwanza kwangu, kabla ya cheti, kabla ya chuo, lilikuwa moja: "Wewe mtoto wa nani?"

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Baba yako nilimtoa ngiri."

Miezi mitatu hakunipa kisu. Nilishika vyuma vya kufungulia kidonda, nilikata nyuzi, niliandika daftari. Nilidhani ananidharau, mimi niliyesoma miaka sita ughaibuni. Kumbe muda wote ule alikuwa akinitazama: nanawa mikono vipi nikiwa nimechoka, nasema vipi na muuguzi saa tisa za usiku, narudi kumwangalia mgonjwa bila kuitwa au nasubiri kuitwa. Usiku mmoja aliletwa mama kutoka Kojani, uchungu siku ya pili, mtoto amelala vibaya. Tulipokwisha kuvaa, Babu akanigeuzia mpini wa kisu. "Leo wewe," akasema, akasimama upande wa msaidizi. Mtoto alilia. Baada ya pale nilifanya ngiri, mabusha, kidole tumbo, na mapaja ya wachumaji niliyatoboa kupitisha chuma mimi mwenyewe.

Babu alikuwa na futi ya fundi cherehani mfukoni mwa koti lake, ya manjano, namba zimefutikafutika. Kila asubuhi aliwapima waliovutwa miguu, kutoka kwenye ncha ya nyonga mpaka kwenye kifundo cha ndani, mguu huu, kisha huu, akaandika zote mbili. Kama hazilingani, uzito unaongezwa au unapunguzwa. "Eksirei ni picha," alikuwa akisema. "Mgonjwa atatembea na mguu." Nilimsimulia kuhusu ami yangu. Hakujibu neno, lakini toka siku ile futi akanipa mimi.

*

Sasa hiyo njia ya Marekani, kwa wanaouliza. Mtihani wa kwanza wa USMLE, yaani mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, ule wa misingi ya tiba, ulikuwa na alama mpaka Januari 2022. Kuanzia hapo jibu ni umefaulu au hukufaulu. Waliotangulia walijitofautisha kwa alama kubwa ya mtihani ule. Sisi tuliofuata mlango huo tuliukuta umefungwa, uzito wote ukahamia mtihani wa pili wa maandishi, ambao bado una alama. Zamani palikuwa na mtihani wa kukutana na wagonjwa wa kuigiza ana kwa ana, kule kule Marekani. Ulisimamishwa mwaka 2020 na Januari 2021 ukafutwa. Badala yake kuna mtihani wa Kiingereza cha tiba, OET, pamoja na uthibitisho wa vyeti unaosimamiwa na ECFMG, taasisi ya kule inayowakagua madaktari waliosomea nje. Usaili nao, tangu 2020, kwa sehemu kubwa ni wa video. Ukiyatazama mabadiliko haya pamoja utaona yametupunguzia nauli, na hilo ni jema. Yametupunguzia pia nafasi za kuonekana. Kwa anayeomba tiba ya ndani hasara hiyo si kubwa. Kwa anayeomba upasuaji, ni kubwa.

Hesabu yenyewe ya kugawa nafasi za mafunzo ya ubingwa kule Marekani sina ugomvi nayo. Mfumo ulianza mwaka 1952. Mwombaji anazipanga hospitali kwa mapenzi yake, hospitali zinawapanga waombaji kwa mapenzi yao, kisha kompyuta inawaoanisha. Na neno kuoanisha si la mzaha. Mwaka 1962 David Gale na Lloyd Shapley waliandika namna ya kuwaozesha wanaume na wanawake bila kubaki wawili wanaotamaniana kuliko waliopewa. Alvin Roth akaja kuusanifu upya mfumo wa madaktari kwa hesabu za ukoo huohuo, na mwaka 2012 yeye na Shapley wakapewa Nobel ya uchumi. Nilipoyasoma hayo nilifurahi, nikaona basi nimefika mahali pa haki.

Lakini kompyuta haiwezi kukuoza kwa mtu ambaye hakukuandika. Ili hospitali ikuandike, ikufanyie kwanza usaili. Ili ikuite kwenye usaili, mtu mmoja kati ya wanaosoma mamia ya maombi awe na sababu ya kusimama kwenye jina lako. Hapo mambo yanakuwa kama posa ya kwetu. Barua ya posa ikifika haijibiwi siku ile. Watu wanakwenda kuuliza. Anakaa wapi, anaswali msikiti gani, nani kafanya naye kazi, mtoto wa nani huyu? Si kila mara ni ubaguzi. Mwenye binti anataka mtu anayemjua amwambie juu ya mtu asiyemjua. Mabingwa wa upasuaji nao wanafanya vivyo hivyo, kwa sababu wanakwenda kuishi na huyo mtu miaka mitano ya mifupa, au saba kama ni ubongo, na watamwachia wagonjwa wao usiku. Barua ya mtu wanayemjua ina uzito kuliko kurasa kumi za asiyejulikana.

Na mifupa ni katika mabinti wanaoposwa sana. Nafasi zake kwa nchi nzima hazifiki elfu moja kwa mwaka, na karibu zote huchukuliwa na waliosomea Marekani. Kila mwombaji hupewa ishara 30 za kuziambia hospitali 30 kwamba nyinyi ndio hasa niwatakao; hospitali isiyopata ishara yako ni taabu kukutazama. Kwa jumla, takriban 6 kati ya 10 ya madaktari waliosomea nje na wasio raia wa kule hupata nafasi ya aina fulani, lakini wengi wao ni tiba ya ndani na fani za jirani yake. Takwimu hiyo huwadanganya vijana. Wanaiona 6 kati ya 10 wanadhani ni ya mifupa.

Wanaopenya mara nyingi wamekwenda mapema, wakakaa. Wako waliofanya mwaka mmoja, miwili, katika utafiti kwenye idara ya upasuaji, mara nyingine bila mshahara, wakiingiza data mchana na kuhudhuria mikutano alfajiri, mpaka bingwa mmoja akaweza kusema: huyu namjua. Nawaheshimu sana. Lakini mwaka bila mshahara katika mji wa Marekani, kwa mtoto wa mchumaji, si jambo la bidii tena. Mimi niliuza kiwanja kwa ajili ya wiki nane zile. Kampuni moja niliyoilipa iliniahidi kwamba nitashiriki katika upasuaji. Nilipofika nikakuta neno "kushiriki" maana yake kuvaa nguo za kijani na kusimama. Fedha ile haikurudi.

Wako pia wanaopewa nafasi ya mwaka mmoja tu ya upasuaji, wanafanya kazi ileile, zamu zilezile, na Juni inapoisha hawana pa kwenda. Usiingie humo bila kuuliza kwa jina na kwa idadi: mwaka jana walioshika nafasi hii wako wapi leo?

Kuna jambo jingine ambalo mimi nilijifunza nikiwa nimeshachelewa. Wengi wetu waliotangulia walikwenda kwa viza ya J-1, ile ya mafunzo, na Wizara ya Afya ya nchi yako lazima iandike kwamba nchi inaihitaji fani unayokwenda kuisomea. Ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani miaka miwili, ila kama umepata msamaha, na njia inayotumika sana ya msamaha ni kufanya kazi miaka mitatu katika sehemu ya Marekani yenye uhaba wa madaktari. Kila jimbo lina nafasi 30 za namna hiyo kwa mwaka. Niliisoma karatasi ya wizara mara nyingi. Nchi inaandika kwamba inakuhitaji ili uweze kuondoka. Kisha kule unatafuta kijiji chao chenye uhaba ili usirudi kwenye chako. Simhukumu aliyefanya hivyo. Nina marafiki, wana watoto, wana wazazi wanaowatunza kutoka kule, na nyumba nyingi za Pemba zimesimama kwa fedha za ughaibuni. Nasema tu kwamba karatasi ile niliiweka chini nikashindwa kuendelea kusoma siku ile.

*

Majibu ya ugawaji wa nafasi hutoka Machi. Machi 2024 haikuwa. Nikaomba tena, safari hii nikaongeza upasuaji wa jumla. Jumatatu ya tarehe 17 Machi 2025 Ramadhani ilikuwa imeshavuka nusu. Ujumbe ulifika baada ya alasiri. Mke wangu alikuwa jikoni na mihogo ya nazi, mwanangu anapanga tende kwenye sahani, na mimi niko kizingitini na simu. Sentensi ni fupi: hukupata nafasi yoyote. Nikaizima simu, nikaingia ndani, adhana ikaadhiniwa, nikafuturu. Sikusema neno mpaka baada ya tarawehe.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Babu, ambaye siku hizo alikuwa ameshastaafu, yuko kwake na mbuzi zake. Sikutaka anifariji na hakunifariji. Aliuliza kama wale vijana wa chumba cha upasuaji wananoa vyema ncha za vyuma vya kutobolea. Kisha akauliza, kama aulizaye bei ya dagaa: "Na Arusha umewahi kuandika?"

Arusha ndiko yaliko makao ya COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999. Nilikijua. Nilikuwa nimekijua miaka yote na sikupata hata siku moja kukifikiria, na hilo ndilo ninalolijutia kuliko kiwanja. Ni chuo kisicho na kuta: unasomea ndani ya hospitali iliyoidhinishwa, chini ya bingwa aliyeko pale, ukifanya kazi na kuandika kila upasuaji katika daftari lako. Miaka miwili ya mwanzo unafanya mtihani wa uanachama, mitatu inayofuata unakwenda kwenye ubingwa wenyewe, wa mifupa ukiwemo. Mtihani wa mwisho hufanywa mbele ya mabingwa wa nchi mbalimbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wahitimu wa upasuaji wa ukanda huu ulikuta zaidi ya 8 kati ya 10 bado wako katika nchi waliyosomea.

Fomu ilitaka idadi ya upasuaji niliokwisha kufanya. Sikuwa nayo. Miaka yote ile nilikuwa nikiihesabu Pemba kama chumba cha kungojea, na hakuna anayeweka kumbukumbu za chumba cha kungojea. Nikaomba ruhusa, nikakaa Jumamosi mbili na madaftari ya chumba cha upasuaji, yale makubwa yenye jalada gumu, karatasi zimelegea kwa unyevu. Safu ya mpasuaji, safu ya msaidizi. Miezi ya kwanza jina la Babu liko kushoto na langu kulia, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko wa wauguzi wanne tofauti. Kisha usiku wa yule mama wa Kojani majina yanabadilishana nafasi. Muuguzi wa zamu alikuwa ameandika jina langu kushoto, akalipigia mstari chini. Nilikuwa sijapata kuuona mstari ule.

Nilihesabu mpaka alasiri. Ile barua niliyoililia ilikuwa imeandikwa siku nyingi, kwa kalamu ya bluu, na watu walioniona.

Kwa hiyo vijana wangu, ambaye bado ni mwanafunzi, akipata viza, akafanye wiki zake za mafunzo Marekani sasa, kabla hajahitimu, kwa sababu mwanafunzi huweza kuruhusiwa kumgusa mgonjwa na aliyehitimu haruhusiwi. Tofauti hiyo ya mwezi mmoja ina thamani kuliko alama ishirini za mtihani. Aliyekwisha hitimu na ana mtu wa kumlisha mwaka mzima, aende akakae kwenye idara moja, si tatu. Na asiye na hivyo viwili, aniandikie. Nitamtumia fomu ya Arusha, nimeshaijua. Kila mmoja aanze leo kuandika daftari lake la upasuaji, popote alipo, na amwombe mkubwa wake atie saini.

Mimi niko bara sasa, mwaka wa kwanza. Wiki iliyopita aliletwa dereva wa bodaboda, paja la kulia. Bingwa wangu alinitazama nikinawa, akauliza nani alinifundisha, nikamwambia. Chuma kilikuwa cha SIGN. Nilikipitisha mimi, yeye amesimama upande wa pili, na skrubu zote zikaingia bila mashine. Usiku nilimtumia Babu picha ya eksirei. Sikuandika kitu, picha peke yake.

Sauti yake ilikuja asubuhi, mbuzi wanalia nyuma. Aliisifu picha, alimshukuru Mungu, akasalimia watoto. Kisha akauliza: "Na huo mguu, umeupima na mwenziwe?"

Nikachukua futi, nikarudi wodini.